Fundo la Chini ya Mkeka

Mwinyimvua alifikaje Weupeni, hilo halina maana. Wanaofika huko hawakumbuki kuvuka mto wala mpaka. Huenda na shughuli zao, na siku moja hugundua kwamba kila mtu aliye mbele yao amebeba mkeka begani. Yeye alikuwa mtu wa makamo, fundi wa kufuli, mpole wa maneno, na moyoni alikuwa na jambo moja ambalo kwa miaka ishirini na mbili hakumwambia mtu. Nalitaja mapema kwa sababu sipendi msomaji aje kudhani nilimficha.

Katika nchi ile mtoto akitimiza mwaka husukiwa ukili mmoja, yaani ule mkanda mwembamba wa ukindu, na kila mwaka huongezewa mwingine, mikanda ikashonwa pamoja. Mtu wa miaka ishirini na minne ana mkeka wa mikanda ishirini na minne. Mwaka aliokosea, ukindu mmoja huchovywa rangi nyeusi ukasukwa humo humo pamoja na myeupe. Mwinyimvua alipoelezwa aliisifu sana sheria hiyo, kama tunavyosifu sheria yoyote isiyotuhusu. Asubuhi watu wa huko hawajuliani hali. Mmoja huuliza, "Mkeka?" na mwenzake hujibu, "Mweupe kama jana," hata kama jana yake aliimaliza kwa kurushiana vyungu na mashemeji.

Wenye mikeka myeupe kuliko wote ni polisi. Sheria yao ya kwanza inasema askari hakosei. Ya pili inaeleza kifanyike nini akikosea. Mtu akikamatwa bila hatia haandikwi kwamba amekamatwa kimakosa. Huandikwa "mgeni wa kituo", na siku ya kutoka hupewa barua ya kumshukuru kwa kutembelea. Mfungwa akitoroka, kitabu husema amejipoteza. Mwinyimvua alionyeshwa vitabu hivyo, rafu baada ya rafu, na ni kweli hakuona kosa hata moja. Wakati anavifunua, nje ya dirisha mtu mmoja alikuwa akilalamika kwamba baiskeli yake imeibwa hapo hapo mlangoni pa kituo. Askari wa zamu alikuwa akimweleza kwa upole kwamba jambo hilo haliwezekani.

Siku ya tatu alikamatwa shati na karani wa Baraza la Upekuzi. Hakuwa na kosa. Watu wa Weupeni wameichukua methali ya mgeni njoo mwenyeji apone wakaifanya kifungu cha sheria, kwa hiyo baraza linalowachuja waombaji wa kazi ya polisi haliwezi kuketi bila mgeni. Huketi watatu: Mkaguzi Mkuu wa Mikeka, mwakilishi wa raia, na mpita njia yeyote ambaye hana ndugu mjini.

Mkaguzi Mkuu alikuwa Afande Ngwali, mtu mrefu, sare imenyooka kana kwamba ndani yake hamna mtu. Mwakilishi wa raia alikuwa Bi Kazija, msukaji wa mikeka aliyestaafu, macho yamefifia, tambuu haimtoki shavuni. Ujumbe wake barazani ulikuwa wa miaka kumi na moja na kwa muda mwingi alisinzia.

"Kabla ya kukaa, mgeni, unatia saini hapa," karani alisema.

Karatasi ilisema: Mimi mgeni nathibitisha kwamba mkeka wangu ni mweupe.

"Mimi sina mkeka," Mwinyimvua alisema.

"Ndiyo maana tunakuazima," karani akajibu, akamtandikia mmoja mweupe pepepe.

Akatia saini. Hakusita, maana kwao alikotoka alikwisha kutia saini karatasi za namna hiyo zaidi ya mara moja.

Asubuhi ile walipita waombaji tisa. Kila mmoja alitandika mkeka wake mbele ya baraza, Afande Ngwali akauzunguka na taa hata jua likiwa kali, akatafuta weusi. Hakuupata. Alichokipata mara mbili tatu ni ukindu mmoja wa rangi ya chai, uliofifia, ambao mwenyewe aliueleza kwa kuinamisha kichwa. Mmoja alikiri kwamba anapenda kazi kupita kiasi. Mwingine, ambaye ni mtoto wa dada yake Afande, alikiri kwamba utotoni aliwahi kumwonea huruma mtu asiyestahili. Bi Kazija akamnong'oneza mgeni kwamba hayo huitwa makosa ya heshima, na kwamba nyuma ya kituo upo mtaa mzima wa mafundi ambao humsukia mtu maisha yake yote kwa siku nne, na kosa moja la heshima ni nyongeza ya bure.

Mwinyimvua hakuhitaji kuambiwa. Mama yake alikuwa msukaji, na chumba kilikuwa kinanuka ukindu mbichi kama uani kwao siku ya kuloweka. Mkeka uliolaliwa miaka ishirini na mitano hauwi hivyo. Hata hivyo alinyamaza, akainua mkono mara tisa, maana alikuwa mgeni, na chakula cha mchana kilikuwa kinanukia.

Mwombaji wa kumi aliitwa Mize Pandu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwembamba, miguu imejaa vumbi la chokaa. Alitandika mkeka uliochakaa, umelegea kingo, katikati umekuwa wa rangi ya asali kwa kulaliwa. Katika mkanda wa kumi na tisa, bila kificho, ulipita ukindu mweusi kutoka upande hadi upande.

Karani aliacha kuandika. Afande Ngwali hata taa hakuiwasha.

"Binti, hapa ni Upekuzi. Umekosea mlango."

"Sikukosea, afande. Kifungu cha nne kinataka mwombaji aeleze makosa yake yote bila kuficha. Nimekuja kueleza."

"Na cha tano kinasema mwenye kosa hafai."

Mwinyimvua, ambaye tangu mwombaji wa kwanza hakuwa amesema neno, aliuliza, "Samahani, afande. Kifungu cha nne kinamtafuta nani?"

"Wakweli."

"Na cha tano?"

"Kinawaondoa," Afande alisema, na hakuona cha kuchekesha. "Ila kipo cha sita. Wawili wakikubali, wanaweza kumsamehe mtu. Hakijawahi kutumika, tunakiweka kwa ajili ya sura nzuri. Haya, binti, sema ulichonacho tukale."

Mize alisema bila kuremba. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, kaka yake Makame alikuwa akiendesha gari la punda mbio mbio, akamgonga bibi mmoja na kumvunja mguu, akakimbia. Polisi walipokuja mtaani kuuliza nani ameona, yeye ndiye aliyekuwa ameketi barazani pa nyumba yao. Alimpenda kaka yake. Akasema gari aliloliona lilikuwa la Mzee Vuai, mchoma chokaa. Mzee Vuai alikuwa na punda wa rangi ile ile na hakuwa na mtu wa kumsemea. Wakamchukua. Akakaa mahabusu siku kumi na moja.

"Siku ya kumi na mbili nilikwenda kituoni nikasema kweli. Kaka alifungwa miezi minane, na mpaka leo hanisemeshi. Mimi nikasukwa huu ukindu."

"Kwa hiyo," Afande alisema, "mtu aliyewahi kusema uongo kituoni anataka kuja kukaa upande wa pili wa meza ile ile, apokee maelezo ya watu."

"Ndiyo, afande."

"Ungeweza kusuka mwingine. Wenzako wote..." Hapo Afande alikohoa. "Nataka kusema, wapo wanaofanya hivyo, nasikia."

"Mjomba wangu alikwisha kunilipia fundi. Aliniambia funika kombe mwanaharamu apite. Nikaenda mpaka mlangoni kwa fundi, nikarudi. Nikawaza, kama naingia kazini kwa uongo, siku nitakayokutana na msichana anayedanganya kwa ajili ya kaka yake, nitamwambia nini?"

Alisema hivyo, kisha akatazama vidole vyake. Ilionekana wazi kwamba aliitaka kazi ile kwa roho yake yote, na kwamba hakuitarajia.

Afande Ngwali alikwisha kunyoosha mkono kukunja mkeka. Hapo Mwinyimvua alifanya jambo ambalo hakulipanga. Mama yake hakununua mkeka kwa kuutazama juu; juu, alikuwa akisema, kila mtu anajua kujipamba. Alishika pembe mbili akaupindua.

"Mgeni," Afande akasema, "kifungu cha tisa. Mkeka hukaguliwa juu. Chini ni kwa ardhi."

Lakini mkeka ulikwisha kupinduliwa. Upande wa chini, pale ukindu mweusi ulipoishia, palikuwa na fundo dogo, gumu, la mkono mwingine kabisa, limekazwa na mtu asiyejua kusuka. Bi Kazija aliacha kutafuna. Aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Hili sijaligusa miaka arubaini," alisema. "Wakati wetu mikeka ilikuwa inapinduliwa. Mkosaji husuka weusi wake mwenyewe, lakini fundo halifungi yeye. Hulifunga aliyekosewa, siku atakayoona imetosha. Mwanangu, nani amekufungia?"

"Mzee Vuai. Yuko nje, bibi. Kanisindikiza."

Wakamwita. Mzee Vuai aliingia na kofia mkononi, mikono imepauka kwa chokaa, akawaamkia wote kwa mpangilio, hata karani. Afande alimuuliza kama ni kweli amemsamehe binti huyu.

"Haikuwa siku moja, bwana. Mwaka mzima alikuja tanuuni kwangu kila Ijumaa, akipanga mawe, hasemi kitu. Mwaka wa pili nikamwambia lete huo mkeka. Nimefunga vibaya, mie si msukaji."

"Na unaona anafaa kuwa polisi?"

Mzee Vuai alifikiri. "Nilipokuwa mle ndani, kila siku askari walikuwa wananiambia vumilia, ni siku chache. Sikuwalaumu, hawakuwa wanajua. Huyu anajua siku kumi na moja zina urefu gani. Sijui kama mnaye mwingine."

Bi Kazija alirudi kitini akasema kosa moja haliachi mke, na yeye anampa kura. Afande Ngwali akasema hapana, iandikwe kwa herufi kubwa. Ikabaki kura ya mgeni. Karani akamsogezea ile karatasi ya asubuhi, kwa sababu kura ya kusamehe haiwi halali mpaka mgeni arudie kiapo chake kwa sauti: mkeka wangu ni mweupe.

Maneno manne tu, na binti angevaa sare. Mwinyimvua alifungua mdomo. Akatazama mkeka wa kuazima aliokalia, mweupe usio na historia, akatazama na ule wa asali uliopinduliwa sakafuni, na aibu ikamshika. Mtu mmoja tu siku ile alikuwa ameingia kwa kweli, na yeye alikuwa karibu kumpitisha kwa uongo.

"Siwezi kurudia," alisema. "Hata asubuhi sikupaswa kutia saini. Kwetu nilikuwa mlinzi wa bohari la pamba. Siku moja nililala mchana, jiko la chai nililoliwasha mwenyewe likaunguza bohari lote. Siku hiyo tulikuwa tumebadilishana zamu kwa mdomo na mwenzangu, anaitwa Nyembo, na kitabu kilikuwa na jina lake. Waliponiuliza zamu ilikuwa ya nani, nikawaambia, someni kitabu. Wakasoma. Nyembo akafukuzwa, na hakuna aliyemwajiri tena ulinzi. Mimi nikaacha kazi nikajifunza kufuli. Ni miaka ishirini na mbili."

Karani aliyaandika yote kwa mazoea, kisha akashtuka na kalamu yake. Maana ikiwa mgeni hakuwa mgeni halali, baraza halikuwa baraza, na si Mize peke yake aliyeanguka. Wale tisa wa asubuhi walianguka pia, pamoja na mtoto wa dada.

Afande Ngwali alibadilika sauti ikawa ya asali. "Mgeni, wino haujakauka. Kifungu cha kumi na mbili kinaruhusu kufuta lililosemwa kabla wino haujakauka. Sema ulikuwa unatania." Mwinyimvua alipotikisa kichwa, Afande alimgeukia Mize. "Basi mwombe wewe. Akifuta, kura yangu nayo nakupa. Watatu kwa watatu. Leo hii unatoka hapa na sare."

Sijui kama yupo kati yetu ambaye angesita. Mize alisita, na hilo ndilo linalonifanya nimwamini. Alimtazama Mzee Vuai, na Mzee Vuai akatazama kofia yake, kwa kuwa halikuwa jambo la kumsaidia mtu. Wino ulikuwa unang'aa bado kwenye karatasi.

"Afande," alisema mwishoni, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta, "hii ndiyo kazi ninayoiomba? Kumshawishi mtu afute alichokiri?"

Wakakaa hivyo wote, watu wazima wakitazama karatasi, mpaka wino ulipokauka.

Nje kibarazani Mwinyimvua alimwambia Mize, "Nimekuharibia, binti yangu."

"Umenichelewesha," Mize alisema. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Ungelisema asubuhi, ningelipata mgeni mwingine leo hii."

Hilo lilimchoma kuliko msamaha wowote, na alijua ni haki yake.

Sheria ilitaka baraza liketi tena baada ya siku saba na mgeni mwingine. Mwinyimvua alizingoja siku hizo kwa Mzee Vuai, akimtengenezea kufuli za tanuu. Siku ya saba alipatikana mama mmoja mchuuzi wa chumvi. Alipoletewa karatasi aliisoma akacheka, akasema mkeka wake una weusi wa kutosha kuezekea banda. Karani alihangaika, lakini Bi Kazija, aliyekuwa macho kabisa siku hiyo, alisema kwamba mgeni aliyesema kweli mlangoni ndiye mgeni wanayemtaka, na kwamba hatapiga kura juu ya mkeka wowote ambao haukupinduliwa. Habari hiyo ilifika nje kabla ya waombaji kuingia. Kati ya wale tisa, wanane walikumbuka shughuli muhimu. Mmoja alikwenda mbio nyumbani, akarudi jioni na mkeka uliokuwa umefichwa darini, una vumbi, una weusi mara saba na mafundo mawili. Aliambiwa akatafute matano yaliyobaki.

Mize alipita kwa kura mbili kwa moja. Afande Ngwali alisema hapana kama awali, akataka iandikwe kwamba msimamo wake haujawahi kubadilika, na ikaandikwa.

Walimpanga mlango wa mahabusu, mahali ambapo wenzake hawapapendi. Mwinyimvua alipokwenda kumuaga alimkuta amevaa sare inayompwaya, akipita kila chumba na kuuliza swali moja: "Una siku ngapi humu?" Kisha aliandika jibu ukutani kwa chokaa, kwa tarakimu kubwa, mahali ambapo wakubwa wake hawana budi kupita wakienda kunywa chai.

Alimpa Mwinyimvua ukindu mmoja mweusi, mrefu, uliochovywa jana yake. "Kusuka unajua, mama yako alikufundisha. Lakini fundo si lako," alisema.

Mwinyimvua alirudi nchini kwao bila kukumbuka alipovuka mpaka. Nyembo alikuwa akiishi huko katika mji mdogo, safari ya siku mbili kutoka mahali palipokuwa na bohari. Alikuwa akichonga mipini ya majembe. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Alimtambua mgeni wake mara moja, lakini hakusimama.

"Mwinyimvua."

"Naam, ndugu yangu."

"Miaka ishirini na mbili. Umefiwa, au unaumwa?"

"Sijafiwa. Nimekuja kwa habari ya bohari." Akautoa ule ukindu kifuani, akauweka juu ya kiganja. "Zamu ilikuwa yangu. Nimekuja kulisema, kwako kwanza, halafu popote utakaponipeleka. Na siku utakayoona imetosha, nitakuomba unifungie fundo."

Nyembo aliutazama ukindu ule bila kuugusa. Kitu fulani usoni mwake kililegea, kisha kikakaza tena. Mkewe alikuwa amekuja mlangoni na bakuli la unga mkononi, amesimama hapo akisikiliza.

"Habari za fundo tutaona," Nyembo alisema. "Mke wangu huyu, tangu nimwoe, anaambiwa na watu kwamba mumewe ndiye aliyechoma bohari. Keti. Mwambie yeye. Anza ulipowasha jiko, na usiruke kitu."

Hawakumtandikia mkeka. Mwinyimvua aliketi chini, juu ya vumbi la mbao, akaanza kusema.